Daraja la Mida, Watamu

Daraja hili la mbao linaloning'inia lina urefu wa mita 260 hivi. Hupita juu ya mikoko ya hori la Mida, ndani ya eneo la bahari lililotengwa kuhifadhiwa mwaka 1968, na kuishia kwenye kibanda cha kutazamia ndege. Kiingilio chako ni karo: kupitia mpango wa ASSETS, ulioanza 2001, watoto wa vijiji vya hapa na vya kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke husaidiwa kusoma sekondari.

Angalia vile vijiti vya kijani vinavyoning'inia kwenye mkoko. Ni miche iliyokwisha kuota ingali mtini. Wanakijiji huiokota, na maji yakitoka huidunga topeni, pale palipokatwa boriti.

Kisha mtafute mla kaa: mweupe, mgongo mweusi, mdomo mnene. Hulea makinda kwenye mashimo ya mchangani huko Oman na Ghuba, halafu huja hapa kula kaa. Maji yanapojaa ndege husogea karibu na kibanda. Ndio wakati mzuri kuliko wote. Tembea polepole, usiwashtue. Kila wanaporuka bure hupunguza mafuta ya safari ya kurudi.