Mtani ana Deni

Hadi miaka ya 1960, kuzungumza na mtu usiyemjua vizuri nchini Uswidi kulikuwa kama kuvuka mto kwa kuruka mawe. Ulimtaja kwa cheo: je, Bwana Mkurugenzi angependa kahawa? Usipokijua cheo, uliizungusha sentensi mpaka mhusika apotee ndani yake. Neno "ni", yaani "nyinyi" kwa mtu mmoja, lilikuwepo, ila wengi waliliona la kumwitia mtu wa chini. Mwaka 1967 Bror Rexed, mkuu wa idara ya afya ya taifa, aliwaambia watumishi wake kwamba atawaita wote "du", yaani "wewe", nao wamwite hivyo hivyo. Hakuanzisha yeye wimbi hilo, ila jina lake ndilo lililobaki. Baada ya miaka michache karibu nchi nzima ilikuwa "du", isipokuwa mbele ya mfalme na jamaa yake.

Utani wa Tanzania nao huondoa umbali kati ya watu, ila hauendi hivyo. Wanyamwezi na Wazaramo walizoeana zama za misafara ya karne ya 19, wapagazi wakiteremka pwani na pembe. Wahehe na Wangoni walipigana kwanza, wakataniana baadaye. Msibani mtani hujilaza njiani akidai hela ndipo jeneza lipite, au huiga mwendo wa marehemu mbele ya wafiwa, na hakuna wa kumkaripia. Mwanaanthropolojia A. R. Radcliffe-Brown, katika makala yake ya mwaka 1940, aliuita uhusiano wa namna hii utovu wa adabu ulioruhusiwa. Sawa, lakini hiyo ni nusu ya habari. Mtani huyo huyo hushika jembe la kaburi na kusimamia shughuli wenye msiba wanapolemewa. Kutukana kwake kuna deni, na deni hulipwa kwa jasho. Tena ana mipaka: anayemtania babu yake kutwa nzima hupunguza sauti mkwewe anapopita.

Waswidi waligawa uhuru kwa wote, bila deni. Nawasifu: karani na waziri walikaa meza moja. Ila "du" ikishakuwa ya kila mtu, haimwambii yeyote kwamba yu karibu nawe. Baadaye wauzaji vijana wakairudisha "ni" kama heshima, na wazee waliokumbuka dharau yake wakaudhika.

Kwetu kero ni nyingine. Kijana wa mauzo humpigia simu mama wa miaka sitini, hata shikamoo hajatoa, akamwita "mrembo wangu". Amechukua ruhusa ya mtani, na siku ya msiba mama huyo hatamwona.