Chuo Kabla ya Kumaliza Sekondari (Sehemu ya 4)

Tunaendelea. Sehemu ya 3 niliwasimulia nilivyoingia chuo cha uuguzi nikitokea kidato cha nne, na majirani walivyokuja kumpa mama yangu pole kana kwamba nimefeli. Baada ya andiko lile, mama mmoja kaniandikia: binti yake kachaguliwa kidato cha tano, lakini mwenyewe anataka chuo, na sasa baba na binti hawasemeshani. Mama yangu, leo nakupeleka Marekani kidogo, uone kuwa ugomvi huo hauko nyumbani kwako tu.

Kule sekondari ya juu ni miaka minne, darasa la 9 hadi la 12, ndipo mtu aende chuo. Bibi mmoja, Elizabeth Blodgett Hall, aliongoza shule ya wasichana ya Concord Academy, Massachusetts, kuanzia 1949 hadi 1963. Alichokiona ni hiki: mengi ya miaka miwili ya mwisho ya sekondari yanarudiwa tena chuoni, na msichana wa miaka 16 aliye tayari anakaa tu akisubiri umri ufike. Akatoa ardhi ya familia yake pale Great Barrington, akaanzisha Simon's Rock. Wanafunzi wa kwanza waliingia 1966, wasichana watupu. Baadaye kikawa chuo kamili cha vijana: unamaliza darasa la 10 au la 11, unaingia, cheti cha sekondari hukidai na wao hawakudai.

Wazo lenyewe halikuwa geni. Miaka ya 1940 Chuo Kikuu cha Chicago, chini ya Robert Hutchins, kilikuwa kikipokea vijana waliosoma sekondari miaka miwili tu. Lakini angalia wote hao walikuwa akina nani: watoto wenye akili nyingi, na mara nyingi wazazi wenye hela. Hapo hata mimi ningesema, aah, hayo ni ya wakubwa.

Sasa sikia hii. Mwaka 1974, Queens, New York, mwalimu wa saikolojia Janet Lieberman akaligeuza wazo juu chini. Akaanzisha sekondari ndani ya chuo cha LaGuardia, na aliowataka ni wale waliokuwa wanaelekea kuacha shule! Badala ya kuwarahisishia masomo, akawaweka katikati ya wanachuo, korido moja, maktaba moja. Mtoto anayechukuliwa kama mtu mzima, mara nyingi anajikaza kuwa mtu mzima. Wodini nayaona hayo kila mwaka kwa wanafunzi wetu wa mazoezi.

2001 ikafunguliwa Bard High School Early College, shule ya serikali jijini New York, bila ada: miaka minne, kijana anatoka na cheti cha sekondari pamoja na shahada ya miaka miwili. Mwaka uliofuata Bill Gates na mkewe wakamwaga fedha kupitia taasisi yao, shule za namna hii zikaenea majimbo mengi.

Zinafanya kazi? Sisi watu wa afya tunapenda ushahidi. Taasisi ya AIR ilifuatilia vijana walioomba nafasi, wakachaguliwa kwa bahati nasibu, yaani kama tunavyojaribu dawa. Ripoti ya 2013 ikasema: waliopata nafasi, 22 kati ya 100 walikuwa wameshapata shahada, hata kama ni ile ya miaka miwili, wakati utafiti unafungwa. Waliokosa, 2 tu. Nilirudia kusoma hiyo namba.

Simon's Rock yenyewe, wanafunzi walipungua, na 2025 ikahama Great Barrington kwenda New York, karibu na Bard, mlezi wake tangu 1979.

Mama, kabla baba yake hajalipa ada popote, hakikisha chuo kimesajiliwa NACTVET, na uangalie kama binti ana ufaulu wa Kemia, Baiolojia na Fizikia. Sehemu ya 5 kesho jioni nikitoka zamu: maswali ya kumuuliza mkuu wa chuo.