Karatasi za Bukama: michoro yetu iliyopona kwa kwenda mbali

Mwaka wa 2015, jumba la Fondation Cartier kule Paris lilifungua maonyesho makubwa juu ya sanaa ya nchi yetu: kazi karibu 350 za wasanii 41. Maonyesho hayo yaliitwa Beauté Congo 1926-2015, Congo Kitoko. Ndugu wasomaji, tuangalie ule mwaka wa kwanza. Kwa nini hesabu inaanza 1926? Jibu linapatikana Bukama, kandokando ya mto Lualaba, na limeandikwa juu ya karatasi.

Bukama ya wakati ule ilikuwa mji wa shughuli nyingi. Reli kutoka Elisabethville, leo Lubumbashi, ilifika huko mwaka wa 1918, na mizigo ilishushwa ili iendelee kwa njia ya mto. Kati ya wakaaji alikuwepo Albert Lubaki, fundi wa kuchonga pembe za ndovu. Fundi huyo alikuwa pia na mkono wa kupamba kuta za nyumba za udongo.

Mwaka wa 1926 mtumishi mmoja wa serikali ya kikoloni, Mbelgiji Georges Thiry, aliona nyumba zile zilizochorwa, na zikamgusa. Alijua kwamba ukuta wa udongo haudumu. Mvua inaupiga, mwenye nyumba anaukandika upya, na mchoro unapotea. Basi akawapa wachoraji karatasi na rangi za maji. Lubaki akachora juu yake tembo, chui, miti, wawindaji, watu wenye kofia, gari moshi. Mara nyingi alizungusha mstari wa rangi pembeni, kama fremu.

Mke wake, Antoinette Lubaki, alichora pia. Jina la kwanza la wote wawili linaanza na herufi A, na kwa muda mrefu sifa ya jina Lubaki ilimwendea mume zaidi. Siku hizi Antoinette anahesabiwa kati ya wanawake wa kwanza wa Kongo wanaojulikana kwa kuchora juu ya karatasi. Bila karatasi kuhifadhiwa, nani leo angetaja jina lake?

Katika Kasai, Thiry alikutana na mwingine, Djilatendo, aliyekuwa fundi wa kushona nguo. Michoro yake mingi ina mistari na maumbo yanayofanana na yale ya vitambaa vya raffia vya Wakuba. Nyingine zinaonyesha wanyama, askari na magari. Karatasi hizo zilitumwa Brussels kwa Gaston-Denys Périer, aliyefanya kazi katika wizara ya makoloni. Mwaka wa 1929 kazi za Lubaki zikaonyeshwa katika Palais des Beaux-Arts, Brussels, na mwaka wa 1930 kule Geneva. Mwaka wa 1931 kitabu cha hadithi cha Badibanga, L'Éléphant qui marche sur des œufs, kikatoka Brussels na picha za Djilatendo ndani.

Lakini msaada ule wa Ulaya ulikatika katika miaka ya 1930. Karatasi zilibaki kule, wachoraji walibaki huku, na habari zao zikazimika. Katika katalogi za leo, Albert Lubaki anaandikwa kuwa alizaliwa karibu na mwaka wa 1895, na upande wa kifo hakuna tarehe. Kazi ya mikono yake ilifunikwa vizuri na kupewa namba, lakini yeye mwenyewe hakuna aliyeandika alikufa siku gani. Wazee wetu wanasema: mali bila daftari, huisha bila habari. Hapa mali ilipata daftari, mwenye mali hakupata.

Baada ya vita ya pili ya dunia, karatasi ikarudi tena katika historia ya Katanga. Mwaka wa 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alianzisha kule Elisabethville karakana iliyojulikana kama Le Hangar. Pilipili Mulongoy alichora samaki, ndege na nyoka. Mwenze Kibwanga alijaza picha kwa mistari midogo midogo. Bela Sara, mzaliwa wa Chad, aliacha brashi na kuchora kwa ncha za vidole. Kazi zao nyingi ni za rangi ya mafuta juu ya karatasi. Romain-Desfossés alikufa mwaka wa 1954, na nyingi kati ya kazi hizo zikasafiri pamoja na wanunuzi.

Kuna wanaosema: afadhali zilikwenda Ulaya, maana hapa mchwa ungezila. Ni kweli kwamba umbali uliziponya. Lakini tusikubali neno hilo lifunge mjadala. Leo kijana wa Bukama hawezi kuona mchoro wa Lubaki isipokuwa kwenye simu, kama mtandao upo. Na kulinda karatasi hakuhitaji jumba la marumaru. Kunahitaji kujua adui zake.

Adui wa kwanza ni mwanga. Rangi za maji zikikaa juani zinafifia, na rangi iliyofifia hairudi tena. Ndiyo maana majumba ya sanaa yanaonyesha michoro ya karatasi kwa miezi michache tu, kwa taa hafifu, kisha yanairudisha gizani ipumzike. Adui wa pili ni unyevu, unaoleta ukungu na madoa. Wa tatu ni mchwa, mende na panya. Wa nne anatoka ndani ya karatasi yenyewe: karatasi ya bei rahisi ina asidi inayoifanya iwe ya manjano na kukatika. Wa tano ni sisi, na utepe wetu wa kunata, gundi, na tabia ya kukunja.

Katika familia nyingi kuna valizi chini ya kitanda yenye michoro ya babu, picha za kale, au daftari la kanisa. Itoeni chini, iwekeni juu ya rafu, mbali na ukuta unaovuja. Lazeni karatasi bila kuzikunja, na kati yake wekeni karatasi nyeupe safi. Msizifunge ndani ya plastiki ya kuyeyushwa kwa moto, maana haitoki tena. Zipigeni picha mbele na nyuma. Kisha andikeni kwenye daftari, wakati wazee wangali hai: nani alichora, mwaka gani, wapi, na ni habari gani inaonyeshwa.

Kwa viongozi wa jimbo ombi ni moja la kuanzia: nakala nzuri za michoro ya Bukama ziombwe kwa wanaoitunza Ubelgiji, ziwekwe katika masomo ya Bukama kwenyewe, na majina ya Albert na Antoinette Lubaki chini yake. Mjadala wa kurudisha zile za asili utaendelea, na una haki ya kuendelea. Ila mtoto anayesoma leo hawezi kuungojea uishe ndipo ajue kwamba hesabu ya 1926 ilianzia mtaani kwao.