Chokaa: kalsiamu ya wazee wetu

Niko Al Quoz. Mtaa huu wa Dubai ni wa maghala na karakana, na hata pale penye majumba ya sanaa ya Alserkal Avenue, sehemu yake zamani ilikuwa kiwanda cha marumaru. Marumaru, saruji, chokaa: zote ndani yake mna kalsiamu.

Vitabu vinasema kalsiamu ilipatikana London mwaka 1808. Ni kweli, Humphry Davy ndiye wa kwanza kuitenga ikawa metali peke yake, kwa nguvu ya umeme. Lakini jina alilitoa kwenye neno la Kilatini calx, yaani chokaa. Na chokaa, jamani, watu wa Kilwa waliijua zamani. Husuni Kubwa ilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa tangu karne ya 14.

Hebu tazameni kazi ya tanuu. Matumbawe ni kalsiamu kaboneti. Yakichomwa kwa kuni mpaka nyuzi 900 hivi, hewa ya kaboni dayoksaidi hutoka, ikabaki chokaa kali. Ikizimwa kwa maji huwa laini, fundi akapiga lipu. Ukutani huivuta tena hewa ile ile, na pole pole inarudi kuwa jiwe.

Waarabu wa huku nao walijenga hivyo hivyo. Nyumba kongwe za Al Fahidi ni za matumbawe na jasi, ambayo ni kalsiamu salfeti, na boriti za darini ni mikoko iliyoletwa kwa majahazi kutoka kwetu.

Kinachoniuma ni Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000. Kuta zile hunyonya unyevu, kisha huutoa kupitia chokaa. Ukizikandika saruji, ambayo ni ngumu na haipitishi mvuke vizuri, unyevu na chumvi hunasa ndani. Lipu inabanduka, ukuta unakwisha taratibu. Watu wanaona saruji ni maendeleo, ati chokaa ni mambo ya kizamani!

Basi sie tulioko nje, tunaotuma pesa za kukarabati nyumba za wazee, kabla ya kutuma tumuulize fundi: unapiga chokaa au saruji?