Kuvunjika uti wa mgongo: upasuaji huokoa nini?

Mgema akianguka kutoka juu ya mnazi, majirani hukimbilia kumwinua, kumketisha na kumpa maji, kisha humpakia kwenye bodaboda katikati ya watu wawili. Kama mgongo umevunjika, safari hiyo inaweza kumalizia kile ambacho mnazi haukumaliza.

Uti wa mgongo ni pingili zilizopangana, na ndani yake hupita neva zinazotoka kwenye ubongo. Anayetua kwa matako au miguu mara nyingi huvunjika pale kifua kinapokutana na kiuno. Pingili hupondeka, na vipande vya mfupa vikirudi nyuma hubana neva. Hapo miguu hufa ganzi au hukosa nguvu, na mkojo hukataa kutoka au hutoka wenyewe.

Hospitalini daktari hupima nguvu na hisia za miguu, na pia hisia za sehemu ya haja kubwa. Wengi huona haya, lakini kipimo hicho kina uzito: hisia ikiwa bado ipo pale, mawasiliano hayajakatika yote, na matumaini ni makubwa zaidi. Picha ya CT huonyesha mfupa. MRI huonyesha neva.

Upasuaji una kazi mbili: kuondoa kinachobana, na kuukaza mgongo kwa skrubu na fito za chuma. Hauungi neva iliyokatika. Hili familia hazielezwi vya kutosha, nazo huuza ng'ombe na shamba zikitarajia mtu atatoka akitembea. Zinazookolewa ni neva zilizobanwa ila bado hai, ndiyo maana madaktari hupendelea kupasua ndani ya saa 24 inapowezekana. Aliyepoteza hisia na nguvu zote huenda asitembee tena hata upasuaji ukienda vizuri, ingawa ataweza kuketi mapema na kuanza mazoezi.

Baada ya hapo kuna mpira wa mkojo, na kugeuzwa kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulalia. Hospitali ya umma ya rufaa iliyotengewa majeraha haya iko Nairobi, mbali na Kilifi au Kwale.

Kwa hiyo aliyeanguka asiketishwe. Mmoja ashike kichwa na shingo visicheze, wengine watatu au wanne wamgeuze kwa pamoja kama gogo, alazwe juu ya ubao au mlango uliong'olewa, afungwe kwa leso, na gari litafutwe ambalo atalala chali hadi hospitalini.