Nafuu ya Bei na Nafuu ya Mgonjwa: Habari za Dawa ya Kifafa

Neno nafuu, lililoingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, lina maana mbili zilizo mashuhuri. Mgonjwa aliyepungukiwa na maradhi husemwa kuwa amepata nafuu. Na bidhaa isiyomshinda mnunuzi huitwa ya bei nafuu. Maana hizi ni ndugu, nazo zimezaliwa pamoja na manufaa na kunufaika. Katika makala haya nakusudia kueleza, kwa kufuata habari za dawa moja, jinsi ndugu hawa wawili walivyopishana njiani: nafuu ya bei ilitangulia kufika, lakini nafuu ya mgonjwa yangali ikingojwa na watu wengi.

Maradhi yenyewe ni kifafa. Wengi hulihusisha jina hilo na kitenzi kufa, shina lake likiwa limerudiwa. Na yeyote aliyepata kumwona mtu akianguka, akakakamaa, akatokwa na povu, kisha akalala kama maiti, hataliona jina hilo kuwa la ajabu. Kiswahili hukitenga kifafa na degedege, inayowashika watoto wadogo, aghalabu pamoja na homa.

Kabla ya karne ya 20 madaktari wa Ulaya hawakuwa na dawa ya kutegemewa. Mwaka 1857, Sir Charles Locock aliwaambia madaktari wenzake mjini London kwamba bromaidi ya potasiamu iliwapunguzia wagonjwa wake kuanguka. Chumvi hiyo ilitumika kwa miaka mingi, walakini iliwapumbaza walioinywa na kuwatoa vipele. Mwaka 1912 kampuni ya Bayer ya Ujerumani ilianza kuuza dawa ya usingizi iitwayo Luminal, ambayo jina lake la kitaalamu ni fenobabitoni. Mwaka huo huo Alfred Hauptmann, daktari kijana wa Freiburg, alitambua kwamba wagonjwa wa kifafa waliopewa dawa hiyo ili walale walianguka mara chache kuliko zamani. Dawa iliyotafutwa kwa ajili ya usingizi ikawa dawa ya kifafa.

Baadaye zikaja nyingine: fenitoini, ambayo nguvu zake zilitangazwa na Merritt na Putnam huko Boston mwaka 1938, na kabamazepini, iliyotengenezwa Uswisi mwaka 1953. Hata hivyo fenobabitoni haikutupwa. Hukaa mwilini muda mrefu, hata mgonjwa aweza kuinywa mara moja tu kwa siku. Na kwa kuwa ni dawa kongwe isiyo na mmiliki, bei yake ni rahisi mno. Shirika la Afya Duniani liliitia katika orodha yake ya kwanza ya dawa za lazima, mwaka 1977. Kwa makadirio ya Shirika hilo, dawa za kumtunza mgonjwa wa kifafa kwa mwaka mzima zaweza kupatikana kwa dola 5 za Marekani.

Sasa natuitazame Mahenge, katika wilaya ya Ulanga, Tanzania. Daktari Louise Aall, mzaliwa wa Norwei, alifika huko mwaka 1959, akawakuta miongoni mwa Wapogoro wagonjwa wengi wa kifafa. Watu walichelea kumgusa aliyeanguka, wakidhani kwamba mate yake huambukiza. Kwa hiyo hata aliyeangukia motoni aliweza kuachwa akaungua. Mwaka 1960 alianzisha kliniki, akawapa fenobabitoni. Kwa muda wa miaka kama 10 dawa ilipatikana bila kukatika, na wengi wakarudia kazi zao na jamaa zao. Kisha ikaanza kuja kwa kusitasita, na mwisho ikakoma.

Mwaka 1992 daktari huyo, ambaye sasa aliitwa Jilek-Aall, pamoja na H. T. Rwiza, walitangaza yaliyowapata wagonjwa 164 wa kliniki hiyo baada ya miaka 30. Wagonjwa 110 walikuwa wamekwisha kufa. Katika wale ambao sababu za vifo vyao zilijulikana, zaidi ya nusu walikufa kwa mambo ya kifafa: wengine waliangushwa mfululizo bila kurudiwa na fahamu, wengine walizama majini, wengine waliungua. Yafaa msomaji akumbuke kwamba katika miaka hiyo yote kidonge chenyewe hakikuacha kuwa rahisi.

Mfano wa pili watoka Nakuru, Kenya. Huko wagonjwa 302 waligawanywa makundi mawili: kundi moja lilipewa fenobabitoni, na la pili kabamazepini, iliyo ghali zaidi. Matokeo yalitangazwa mwaka 1991. Katika nusu ya pili ya mwaka wa matibabu, zaidi kidogo ya nusu ya waliomaliza hawakuanguka hata mara moja, wala hapakuonekana tofauti kubwa baina ya dawa ile rahisi na ile ya ghali.

Basi kizuizi ni nini? Kwanza, dawa isiyo na faida kubwa haina wafanyabiashara wengi wa kuihangaikia. Pili, mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 uliitia fenobabitoni katika dawa za kuangaliwa, ingawa katika daraja la nne, lililo jepesi kuliko yote. Kwa hiyo kuiingiza nchini kwataka hati ambazo dawa nyingine hazitaki. Tatu, mgonjwa wa shamba hulipa nauli na kupoteza siku ya kazi, na gharama hiyo haimo katika bei ya kidonge. Naye akipungukiwa na dawa ghafula, hali yake yaweza kuwa mbaya kuliko ya mtu ambaye hajapata kuitumia, kwa maana mwili uliokwisha kuizoea huasi inapoondolewa.

Liko na jambo la nne, linalowahusu hasa wanafunzi wa lugha. Dawa hii haiponyi kifafa, hukizuia. Mgonjwa akiambiwa “dawa hii itakuponya,” naye akakaa miezi sita bila kuanguka, ana haki ya kujiona amepona na kuacha kuinywa. Lugha yetu ina maneno ya kutosha kwa kazi hii: kuponya, kutibu, kutuliza, kuzuia, kupata nafuu, kupona, na kila moja lina mpaka wake. Waandikao maelezo ya dawa kwa Kiswahili, na watungao kamusi za uganga, wangefanya vyema kuilinda mipaka hiyo. Anayepata nafuu bado yu katika matibabu, na kesho atahitaji kidonge kingine. Aliyepona ameagana na mganga.