Nairobi Haikupangiwa Wazee

Rafiki yangu ni muuguzi, na kwa miezi sasa amenishikilia na mpango wake: anataka kuanzisha huduma ya kuwatibu wazee nyumbani mwao, kuanzia Kibera na Kawangware. Presha, sukari, vidonda vya miguu, macho, dawa zilizoisha wiki mbili zilizopita. Mambo ya tiba anayajua. Mimi husoma historia, basi akaniachia swali: mbona jiji lenye zaidi ya miaka 120 bado linaanzia sifuri kwa jambo kama hili?

Jibu la haraka ni pesa, na si uongo. Lakini ukirudi nyuma kidogo utaona Nairobi haikutarajia Mwafrika azeekee ndani yake.

Chini ya mkoloni, Mwafrika mjini alikuwa mgeni wa kazi. Kuanzia 1920 mwanamume alining'iniza kipande shingoni, na asipokuwa na kazi sheria ya uzururaji ilimngoja. Mshahara ulipigiwa hesabu ya bachela mwenye kitanda cha kukodi. Watoto, wagonjwa na wazee waliachiwa shamba la ushago liwalishe. Mwaka 1954 kamati ya serikali iliyoongozwa na F. W. Carpenter ilikiri kwamba wafanyakazi wengi hawakupata hata cha kumtosha huyo bachela, ikapendekeza mshahara unaoweza kubeba familia. Mambo yalibadilika polepole, ila wazo lenyewe lilibaki: mji ni wa kutafuta, ushago ni wa kuzeeka. Hata leo, mzazi akianza kuugua mtaani, si kikao cha familia huanza na nauli ya kumrudisha?

Ajabu ni kwamba Kibera ilianza kinyume kabisa. Wakazi wake wa kwanza walikuwa wanajeshi wenye asili ya Sudan waliotumikia King's African Rifles, na jina lenyewe, Kibra, ni msitu kwa Kinubi. Walianza kuwekwa pale mwanzoni mwa karne iliyopita, na mwaka 1918 ikatangazwa kuwa ardhi ya jeshi, takriban ekari 4,200. Askari aliyestaafu hakuwa na ushago wa kurudi. Kwa hiyo Kibera ikawa moja ya sehemu chache sana ambapo Mwafrika angeweza kuzeeka Nairobi kwa kibali cha serikali. Kibali tu, si hati. Wazee wa Kinubi wameshikilia miaka yote kwamba ardhi ile ndiyo iliyokuwa pensheni yao. Hatimiliki ya jamii ilifika Juni 2017, ikiwa na ekari 288. Fanya hesabu mwenyewe ya kilichopotea njiani.

Kawangware ni hadithi nyingine, na huduma inayoingia kote kwa mtindo mmoja itakwama. Huku palikuwa mashamba ya Wakikuyu, upande wa Dagoretti, Kiambu, hadi mpaka wa jiji ulipopanuliwa wakati wa uhuru. Mashamba yakawa ploti, ploti zikajaa vyumba vya mabati. Ndiyo maana unaweza kumkuta shosho mwenye ploti nzima akiishi chumba kimoja kando ya lango, wapangaji wake wakimwita landlodi, huku hajapimwa presha tangu uchaguzi wa juzi. Mlango unaofuata kuna mzee wa umri wake anayedaiwa kodi. Wote wawili wanahesabiwa watu wa mtaa duni, na dawa wanayohitaji ni ileile, ila ukizungumza nao kuhusu gharama utadhani uko miji miwili.

Kutembelea wagonjwa majumbani si jambo geni mitaa hii. Lililoleta ni UKIMWI. Mwaka 1999 serikali ilipoutangaza janga la taifa, hospitali zilikuwa zimejaa na ARV hazikuwa za mtu wa kawaida. Wagonjwa waliuguzwa nyumbani, na wahudumu wa kujitolea wakawa wanapita mlango kwa mlango na glavu, sabuni na maneno ya kutia moyo. Katika nyumba nyingi aliyeosha mgonjwa usiku ni mama yake mzee, ambaye baadaye alibaki na wajukuu. Yeye alionekana kama mlezi. Mgongo wake, macho yake, presha yake havikuwa shughuli ya mgeni aliyebisha hodi. Sidhani kuna aliyemdharau; mzigo ulikuwa mwingine, na wa dharura.

Mpango wa afya ya jamii wa 2006 ulichukua mtindo huo wa kupita nyumba kwa nyumba ukaufanya wa taifa. Kisha Septemba 2023 wahudumu 100,000 wakaagwa rasmi Uhuru Park na mikoba yenye mashine ya presha na kipimo cha sukari. Hilo nalihesabu kuwa jambo kubwa kuliko tulivyolichukulia mitandaoni. Kwa mara ya kwanza kipimo kikapangiwa kufika mlangoni kwa shosho. Tatizo linaanza dakika moja baadaye: namba zikisoma juu, mhudumu, ambaye posho yake ni shilingi 5,000 kwa mwezi, hana ruhusa ya kumwandikia dawa. Anampa karatasi aende kituo cha afya. Kwa ramani Mbagathi na Riruta ziko karibu, lakini ramani haionyeshi matope ya Lindi wala goti bovu. Pengo hilo, kati ya kipimo na dawa, ndilo rafiki yangu analotaka kuziba.

Atahitaji orodha, na orodha za wazee mjini zina historia yake chungu. Ibara ya 57 ya Katiba inampa mzee haki ya kutunzwa na familia na serikali. Pesa za Inua Jamii kwa waliofika miaka 70, shilingi 2,000 kwa mwezi, zilianza 2018, lakini lazima uwe na kitambulisho, na Wanubi wamepigwa msasa kukipata tangu zamani. Julai mwaka huohuo matingatinga yalipita Kibera kufungua barabara. Nyumba ikibomolewa, mgonjwa wa kutembelewa nyumbani utamtafuta wapi?

Tulikaa tukaandika fomu yake ya kwanza. Swali la pili lilikuwa: nyumbani ni wapi? Tukaijaribu kwa wazee kadhaa. Mmoja, miaka arobaini yuko Lindi, akajibu Siaya. Mwingine wa Kawangware akataja Murang'a. Bibi mmoja wa Makina alituangalia kama watu waliopotea njia, akasema, "Hapa." Swali tumelibadilisha. Sasa linasema: usiku unalala wapi, na ni nani ana ufunguo?